Ethi, aresta au vikombe zaidi? Kuchagua kinga ya radi kwa laini kubwa za umeme za Tabora na Kigoma

Mvua ya kwanza ya Novemba ikipiga Tabora, simu za watu wa laini huanza kuita kabla harufu ya udongo uliolowa haijaisha. Laini imetripu, yaani breka imejifungua na umeme umekatika. Mashine ya kusaga kule Ng'ambo inazima debe likiwa nusu, muuza samaki anafungua friji yake kutazama barafu, hospitalini wanasubiri jenereta ishike. Baada ya muda umeme unarudi, na utamsikia mtu akisema, "Ilikuwa radi tu." Hilo neno "tu" ndilo linalonisukuma kuandika. Radi yenyewe haizuiliki. Laini kutripu kila inapopiga radi ni jambo jingine, na hilo linazuilika kwa sehemu kubwa, kwa njia zinazotofautiana sana kwa gharama na kwa tabia.

Ninamwandikia mtu anayelazimika kuchagua: mhandisi kijana aliyepewa kazi ya kuandaa zabuni, msimamizi wa matengenezo mwenye bajeti isiyotosha, au mwekezaji wa mtambo wa umeme wa maji anayetaka kuvuta laini yake mpaka kituo cha kupoza umeme. Nimetembea chini ya laini kwa miguu misimu mingi, na msimamo wangu nausema mapema: shilingi ya kwanza iende kwenye miguu ya mnara, ardhini, kwenye ethi, yaani chuma kinachounganisha mnara na udongo. Aresta, vifaa vinavyoifungulia radi njia juu ya mnara, zifuate, kwenye minara ile tu ambayo ardhi yake imegoma. Ukiacha waya wa kinga wa juu ya mnara, ambao ni lazima, mengine yote ni nyongeza.

Huku magharibi jambo hili lina uzito wake. Tabora kwa miaka mingi imelishwa na laini ya kilovolti 132 itokayo Shinyanga kupitia Nzega. Kigoma iliishi kwa majenereta ya dizeli mpaka gridi ilipoanza kuifikia. Ramani sasa ina laini na miradi mirefu: kilovolti 132 kutoka Tabora kwenda Katavi kupitia Sikonge, nyingine kuelekea Urambo, kilovolti 400 kutoka Nyakanazi hadi Kigoma, kilomita 280, na mtambo wa Malagarasi wa megawati 49.5 ambao nao unahitaji njia ya kutoa umeme wake. Laini ndefu inayopita kwenye miyombo na vilima ni shabaha ndefu. Mahali ambapo hakuna njia ya pili ya kuleta umeme, mnara mmoja mbovu unatosha kuzima wilaya nzima. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mashariki mwa Kongo, ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Kwetu hapafikii kule, lakini anayeishi Kasulu au Buhigwe hahitaji kuelezwa mawingu ya Januari yanavyokuwa.

Njia mbili za kuumizwa

Bila kujua radi inaiumizaje laini, utanunua dawa ya ugonjwa usio wako.

Radi ya kawaida hubeba mkondo wa kilele wa karibu kiloampia 30. Zipo za 5, na chache huvuka 100. Radi ya 30 ikiangukia moja kwa moja waya wa fezi, yaani waya unaobeba umeme, mkondo hugawanyika pande mbili, 15 huku na 15 kule, na kila upande hukutana na kizuizi cha karibu omu 400. Zidisha: kilovolti 6,000. Vikombe vya kioo au kauri vinavyotenga waya na mnara, vile vya laini ya 132, kwa kawaida hujengwa kuvumilia pigo la radi la kilovolti 650 hivi, vya 220 karibu 1,050, na vya 400 karibu 1,425. Hakuna kikombe kitakachosimama mbele ya 6,000. Kwa sababu hiyo juu kabisa ya mnara huwekwa waya wa kinga, usiobeba umeme wa wateja, kazi yake kupokea pigo na kulishusha kwenye mnara hadi ardhini. Huo ndio mlango wa kwanza: radi kuukwepa waya wa kinga na kugusa fezi.

Mlango wa pili ndio unaosahaulika. Waya wa kinga umefanya kazi yake, radi imeshuka kwenye mnara, lakini ardhi haiipokei. Mkondo unajaa mguuni kama maji kwenye mfereji ulioziba. Kiloampia 30 zikishuka kwenye ethi ya omu 10, mnara hupanda hadi kilovolti 300, na vikombe vya 132 huvumilia. Zikishuka kwenye ethi ya omu 60, mnara hupanda hadi 1,800. Hapo mnara wenyewe ndio unakuwa na msongo (volti) mkubwa kuliko waya, na cheche huruka kinyume, kutoka kwenye chuma cha mnara kwenda kwenye fezi. Umeme wa gridi nao hufuata njia hiyohiyo ya moto, rilei, chombo kinacholinda laini, inaona hitilafu, breka inafunguka.

Hii ni hesabu ya mkono. Kwa uhalisia sehemu ya mkondo hukimbilia minara ya jirani kupitia waya wa kinga, na udongo ukipigwa kwa nguvu hupitisha umeme kwa urahisi zaidi kidogo. Hata hivyo mwelekeo haubadiliki: kwenye laini iliyokwisha kuwa na waya wa kinga uliopangwa vizuri, matripu mengi ya radi hutokea mguuni.

Waya wa kinga

Huu si wa kuchagua au kuacha. Laini ya kilovolti 132 na kuendelea, katika nchi yenye radi kama hii, ivutwe na waya wa kinga mwanzo hadi mwisho, na siku hizi waya huohuo hubeba faiba ndani yake, kwa hiyo unalipa mara moja kwa kazi mbili. La kuchagua ni pembe. Ukichora mstari kutoka waya wa kinga kwenda fezi ya nje, usizidi nyuzi 30 kutoka wima, na mnara ukiwa mrefu zaidi pembe ipungue. Laini za 400 kwa kawaida huwa na nyaya mbili za kinga kwa sababu hiyo.

Nilipolijua jambo hili lilinishangaza: radi inayopenya ngao hiyo ya waya wa kinga ni ile ndogo. Radi kubwa hujenga nguvu yake mbali. Ile ya kiloampia 30 huchagua pa kupiga ikiwa umbali wa karibu mita 90, hivyo hukutana na waya wa juu kwanza. Ile ya 5 huchagua ikiwa mita 28 tu, imekwisha kujipenyeza ubavuni. Na 5 zinatosha: ukizigawa pande mbili na kuzidisha kwa omu 400 unapata kilovolti 1,000, ambazo vikombe vya 132 havizimudu.

Milima ya Buha huongeza tatizo hili. Mnara uliosimama ubavuni mwa mlima una upande unaotazama bonde, na upande ule ardhi iko mbali, kwa hiyo fezi ya nje inakaa wazi kuliko inavyoonekana kwenye mchoro uliochorwa kana kwamba nchi ni tambarare. Ukiwa na sehemu za namna hiyo, mwambie msanifu akokotoe pembe kwa mteremko halisi. Nimeona michoro ya laini nzima ikiwa na pembe moja, kana kwamba Kasulu na Nguruka ni ardhi moja.

Ethi: kazi ya jembe na sururu

Mwaka mmoja, mwanzoni mwa Desemba, tulitumwa watatu kukagua laini iliyotripu mara tatu katika wiki mbili. Rilei ilionyesha hitilafu iko kilomita 41 kutoka kituoni. Tulipoacha gari tulimkuta mzee mmoja akipanda tumbaku.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mnautafuta uliopigwa? Si huo. Nendeni ule wa tatu, juu ya majabali. Kila mwaka ni uleule."

Alikuwa sahihi kuliko rilei. Chini ya mnara wa tatu chembe za kioo zilitapakaa kwenye majani kama chumvi ya mawe: kikombe kimoja kilikuwa kimepasuka na kumwagika. (Hiyo ndiyo faida ya vikombe vya kioo, ukiwa chini unaona. Cha kauri hupata ufa wa ndani na kukaa kimya.) Kikombe cha juu kilikuwa na doa la kahawia pale moto ulipoingia. Nikapiga magoti mguuni. Mkanda wa chuma unaounganisha mnara na ardhi ulikuwa umekatwa kwa msumeno. Mguu wa pili mkanda ulikuwapo, lakini tulipochimba tukakuta udongo sentimita 40, kisha jiwe moja kwa moja. Aliyejenga aligonga fimbo ya ethi ikagoma kwenye mwamba, akaikata na kuifukia, akaendelea na mnara unaofuata. Kipimo kilisoma omu 78. Minara ya jirani, chini kwenye mbuga, ilisoma 12 na 15.

Miaka yote laini ile ilisemwa kuwa "inapigwa sana na radi". Ilikuwa na mnara mmoja usio na miguu.

Ethi huboreshwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni fimbo ndefu za kina, nzuri pale udongo ulipo mzito chini. Ya pili ni kuzika nyaya zinazotoka mguuni na kutambaa ardhini, na hii ndiyo inayofaa zaidi kwetu. Ya tatu ni kuzungushia nyaya hizo udongo maalumu unaoshika unyevu, kama bentonaiti, pale penye kichanga na changarawe.

Kwenye hiyo ya pili kuna kosa linalorudiwa. Watu huvuta waya mmoja mrefu, mita 120, wakidhani urefu ndio dawa. Kwa umeme wa kawaida ni sawa. Kwa radi si sawa, kwa sababu radi hupanda hadi kileleni kwa muda mfupi mno, sehemu chache tu za sekunde iliyogawanywa kwa milioni, na waya mrefu haupati muda wa kufanya kazi mpaka mwisho wake. Nyaya nne za mita 30, kila moja kutoka mguu wake na kuelekea upande wake, hupokea radi vizuri kuliko mmoja wa 120, ingawa chuma ni kilekile na gharama ni ileile. Ukivuka mita 60 au 80 kwa waya mmoja, unazika fedha.

Zizikwe kina gani? Angalau sentimita 60, na 80 mashambani. Wakulima wa Urambo na Kaliua hupanga matuta ya tumbaku mpaka karibu na miguu ya minara, na jembe la kukokotwa na ng'ombe halijui ethi. Usitumie shaba tupu. Itaibwa, na atakayeiba atakuachia mnara unaoonekana mzima kwa macho. Tumia waya wa chuma uliopakwa zinki au chuma kilichovikwa shaba nyembamba, ambacho hakina bei nzuri kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kipimo nacho kina mtego. Mnara umeunganishwa na wenzake kwa waya wa kinga juu, kwa hiyo mita ya kawaida itakusomea ethi ya minara mingi kwa pamoja, na utaandika omu 3 ukafurahi. Ama ufungue waya wa kinga pale mnarani, kazi ya kupanda na ya kuzima laini, ama utumie kipimo cha masafa ya juu, karibu kilohezi 26, kinachosoma mguu ulio mbele yako bila kufungua kitu. Kama una fedha za chombo kimoja tu mwaka huu, nunua hicho. Na pima Septemba au Oktoba, udongo ukiwa umekauka. Wengi hupima Machi, ardhi imelowa, wakapata namba nzuri. Lakini radi za kwanza za Novemba hupiga ardhi ambayo imelowa juu tu. Ethi yako inapaswa kufaulu siku ile.

Aresta: mlango wa dharura juu ya mnara

Aresta ya laini ni mfano wa fimbo nene iliyovikwa mpira wa silikoni, ndani yake vigae vya oksidi ya zinki vimepangwa kama biskuti. Inaning'inizwa sambamba na kikombe. Kwa msongo wa kawaida haipitishi kitu cha maana. Msongo ukipanda ghafla inafunguka, inapitisha radi, inajifunga, na umeme wa gridi haupati nafasi ya kufuata. Breka haijui hata kwamba kitu kimetokea. Mnara unaweza kupanda hadi kilovolti 1,500, lakini fezi inapanda pamoja nao, na kati yao hakuna tofauti ya kuivusha cheche.

Uzuri wake ni huo: haijali sana kama ethi ni mbaya. Pale penye jabali tupu, hii ndiyo jibu.

Ziko za aina mbili, na tofauti yake ni ya kuijua kabla hujatia sahihi. Ya kwanza haina pengo, imeunganishwa na fezi muda wote kwa waya. Ni rahisi, lakini vigae vyake hubeba msongo mchana na usiku kwa miaka, na waya wake wa kuunganishia huchezeshwa na upepo mpaka unachoka. Ikiharibika, kuna kikatio kinachopaswa kuitenga na laini, na kikatio hicho kikigoma una hitilafu ya kudumu na mtu lazima apande. Ya pili ina pengo la hewa kati yake na fezi, iliendelezwa Japani miaka ya 1980. Siku za kawaida haijaguswa na umeme kabisa. Hata ikifa, pengo linaitenga na laini inaendelea. Kwa laini zinazopita mbali na barabara, kama zile za Inyonga au bonde la Malagarasi, mimi ningeichukua ya pengo, ingawa kuifunga kunadai umakini: kipimo cha pengo kikikosewa, ama haitafunguka kwa radi, ama itafunguka pasipo sababu.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi. Aresta inalinda mnara wake tu. Ukiiweka kwenye mnara mmoja mbaya katikati ya minara minne mibaya, radi itasafiri kwenye waya na kuruka kwenye mnara wa jirani. Kwa hiyo hesabu kundi zima la minara yenye ethi mbaya, kisha ongeza mmoja mzuri kila mwisho. Orodha ya aresta 6 hugeuka 18 upesi sana, na ni bora hilo lijulikane kwenye bajeti kuliko kwenye lawama.

Na si lazima fezi zote tatu. Kwenye mnara wenye fezi zilizopangana wima, ya chini kabisa ndiyo iko mbali na waya wa kinga na ndiyo hurukiwa kwanza na cheche za kinyume. Ukiwa na fedha ya fezi moja, weka hapo. Kama shida yako ni ile ya kwanza, radi ndogo kupenya ubavuni mlimani, iwekwe kwenye fezi iliyo wazi upande wa bonde. Ugonjwa tofauti, mahali tofauti.

Ule mnara wa majabali tuliuvutia nyaya nne kushuka kilima kuelekea kwenye udongo mweusi. Kutoka 78 tukafika omu 26. Kumi haikufika, na juu ya jiwe lile haitafika. Msimu uliofuata zikafungwa aresta pale na kwa majirani wake wawili. Tuliporudi Aprili kusoma kihesabio, kile kinachohesabu mapigo yaliyopita kwenye aresta, kilikuwa kimeandika 3, na laini haikuwa imetripu kwa sababu ya mnara ule. Mzee alikuwa anavuna, akatuambia, "Mwaka huu umepigwa vilevile." Alisema kweli.

Zikiwekwa uso kwa uso

Gharama ya ethi ni nguvu kazi: vijana wa kijiji, majembe, sururu, waya wa chuma, wiki chache. Fedha nyingi hubaki palepale Sikonge au Uvinza. Aresta ni bidhaa ya kuagiza nje, inakuja kwa meli, inadai fundi wa kupanda na mara nyingi laini izimwe ili ifungwe. Ethi inafanyika laini ikiwa na umeme, kwa tahadhari zake: hakuna kuchimba mawingu yakiwa yamekusanyika, na mkanda wa zamani haufunguliwi mpaka mpya umefungwa.

Ethi inamsaidia kila anayepita karibu. Mnara wenye ethi mbaya ukipigwa, ardhi iliyo karibu na mguu nayo hupanda msongo, na mchungaji aliyejikinga mvua pale, au ng'ombe ambaye miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbalimbali, ndiye anayelipa. Aresta hailigusi hilo.

Kwa upande mwingine ethi huzeeka kimya. Inaliwa na kutu, inakatwa na wezi, na hakuna taa inayowaka kukuambia. Aresta yenye kihesabio inakupa habari. Na ethi ina ukomo: kuna mahali utachimba wiki mbili na kipimo hakishuki chini ya 40. Hapo kuendelea kuchimba ni ukaidi, nunua aresta.

Vikombe zaidi, breka inayojirudisha, na vitu vinavyouzwa kwa maneno

Kuongeza kikombe kimoja au viwili kwenye kila mnyororo ni wazo linalovutia kwa sababu ni rahisi kulieleza. Linasaidia kidogo. Lakini mnyororo ukirefuka waya unashuka kuelekea ardhini na unapata nafasi ya kubembea karibu na chuma cha mnara, kwa hiyo uliyoyapata unayapoteza. Lipo na kubwa kuliko hilo: ukiifanya laini iwe ngumu mno, msongo wa radi usiopata pa kurukia utasafiri mpaka kituoni, ambako kuna transfoma. Kikombe hubadilishwa nusu siku. Transfoma husubiriwa miezi. Ndiyo maana kilomita moja au mbili za mwisho kabla ya kituo zidaiwe ethi bora kuliko kwingine kote, na aresta za kituoni zisimame karibu kabisa na transfoma.

Breka inayojirudisha yenyewe ni jambo tofauti, haizuii chochote. Inakubali laini itripu, inasubiri chini ya sekunde moja cheche ife, inarudisha. Kwa kuwa hitilafu nyingi za laini za juu, asilimia 70 hadi 90 kwa makadirio yanayotumika katika fani, ni za kupita, inafanya kazi vizuri, na mara nyingi uwezo huo tayari umo ndani ya rilei, haujawashwa tu. Kwa laini moja isiyo na mbadala, dai inayofungua fezi moja iliyopigwa na kuziacha mbili, mradi breka zenyewe zinaweza kufungua fezi mojamoja. Iwashe. Ila usiiandike kwenye taarifa kama kinga ya radi, kwa sababu mota ya kiwanda cha chumvi au ya pampu ya maji itasimama hata kwa nusu sekunde.

Utaletewa pia fimbo zenye nywele za chuma kama burashi, ambazo muuzaji atakuambia zinalinyonya wingu mpaka radi isizaliwe. Wanasayansi wa radi hawajathibitisha kwamba zinaizuia radi kupiga. Fimbo ile ikiwekwa juu ya mnara inapigwa kama chuma kingine chochote. Fedha yake inatosha kununua waya wa ethi wa minara mingi.

Na laini za kilovolti 33 tusizichanganye humu. Uvumilivu wake ni karibu kilovolti 170 tu, hivyo hata radi iliyopiga mti jirani huzitripisha bila kuzigusa. Dawa yake kubwa ni aresta kwenye transfoma, na ina hesabu zake.

Kwa ardhi uliyonayo

Kama laini yako iko kwenye nchi ya granaiti, kuanzia Nzega kushuka Tabora mpaka Sikonge, ardhi hubadilika kila baada ya minara michache: jabali, kichanga, kisha mbuga ya udongo mweusi unaoshika maji. Pima mnara kwa mnara, kwa sababu wastani wa laini nzima hautakuambia kitu. Minara ya mbugani iachie. Ya kichanga izikie nyaya nne zenye bentonaiti. Ya juu ya jabali ipe aresta, na uwaulize wazee wa hapo kabla ya kuitegemea rilei peke yake.

Kama uko milimani, Kasulu, Buhigwe, Kibondo, anza na pembe ya waya wa kinga upande wa bonde, kisha ethi, kisha aresta za fezi ya nje kwenye migongo ya milima. Huko usafiri wa vifaa ni mgumu, kwa hiyo aresta yenye pengo inastahili bei yake.

Kama unapita bonde la Malagarasi kuelekea Uvinza, ethi ya omu chini ya 10 utaipata kwa fimbo mbili na jasho kidogo, na aresta huenda usizihitaji kabisa. Lakini Uvinza ni nchi ya chemchemi za chumvi. Udongo uleule unaoipokea radi vizuri hula zinki kwenye chuma. Mkataba useme chuma kilichovikwa shaba, viungo vya kuchomelea badala ya boliti, na kila baada ya miaka 5 mguu mmoja katika kila minara 10 ufukuliwe, waya utolewe nje na kupanguswa, na unene wake uandikwe.